Nyuma ya Shule, Chini ya Daraja

Mstari ulikuwa umefika kiunoni. Fundi aliupima kwa mkanda wa suruali yake kabla ya kuanza kuupiga msasa. Hakuna aliyemtuma kuupima, ila ndivyo mafundi walivyo. Ulikuwa mstari wa rangi ya chai ya maziwa, umezunguka kuta zote nne za chumba, umenyooka kuliko mistari mingi aliyowahi kuipiga mwenyewe kwa kamba. Juu yake ukuta ulikuwa mweupe. Chini yake ulikuwa umetoa chumvi, na ukiugusa unamomonyoka vidoleni kama unga.

"Huo ukuta uishe leo," alisema Funguo kutoka mlangoni.

Funguo alikuwa dalali wa vyumba. Jina lake hasa hakuna aliyelijali. Aliitwa hivyo kwa lile fungu la funguo alilolining'iniza kiunoni. Ukilisikia linakuja, unajua kuna mtu anahamia au kuna mtu anahamishwa.

"Utaisha, bosi. Ila ungeniachia siku mbili ukuta upumue. Ukipaka juu ya unyevu..."

"Upumue? Ukuta una mapafu?" Funguo akacheka peke yake. "Wateja wanaanza kuja kesho saa nne. Paka."

Fundi akapaka. Alikwangua chumvi yote, akaziba mashimo kwa saruji, akatanguliza rangi ya mafuta mara mbili ili ifungie unyevu ndani, kisha juu yake rangi ya maji, nyeupe ya maziwa. Ukuta wa namna hiyo hata ukiuwekea shavu unasema mimi ni mkavu, mpaka mvua zijazo. Mafundi wengine kwenye kazi za Funguo walipaka panapoonekana tu, wakaacha nyuma ya mlango na pembeni mwa swichi. Yeye hakuweza. Kazi nusu ilimkosesha usingizi. Alipaka nyuma ya mlango mpaka kwenye bawaba, akafungua kifuniko cha swichi na kupaka chini yake, akakirudisha. Alipomaliza alichovya dole gumba kwenye rangi, akaligandamiza juu ya fremu ya mlango, pale ambapo hakuna jicho linalofika. Mwalimu wake wa kazi alimfundisha hivyo. Siku tajiri akikukana kwamba kazi si yako, mpandishe kwenye kiti aone dole lako.

Akaanza kuosha brashi, na alipoona Funguo ana uso mzuri kidogo akajikaza.

"Bosi, na kile chumba changu?"

"Nakitafuta."

"Ni mwezi wa nne sasa."

"Fundi, nyumba za juu kule wanataka karatasi ya mshahara. Wewe mshahara wako uko wapi? Uko kwenye kopo."

"Hata kidogo, bosi. Kiwe kikavu tu. Mtoto ana kifua."

"Kila mtu ana kifua," alisema Funguo, na akatoka na kelele zake za kiunoni.

Nyumba hiyo ilikuwa bondeni, chini ya daraja, kando ya mtaro mkubwa. Ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa korido. Fundi aliijua kwa njia moja tu. Alishuka ngazi za darajani na makopo yake, akafuata ukingo wa mtaro, akaingilia uani. Kwa mbele hakuwahi kufika, na hakuwa na shida na kwa mbele. Alipaka, akalipwa, akapanda ngazi zake akaenda.

*

Mkewe na mtoto walikuwa wamejibanza sebuleni kwa dada yake Fundi. Mtoto alikuwa na miaka saba, na nyumba nzima ilimwita Kinanda, kwa sababu akilala kifua chake kinapiga muziki. Jina hilo alilipewa na baba yake mwenyewe, siku ambazo bado walidhani ni mafua. Baadaye walipojua ni nini, jina lilikuwa limeshashika, na mama yake naye akawa Mama Kinanda, basi.

Walihamia mjini kwa mambo mawili, kazi na hospitali. Kazi ilipatikana. Daktari naye alipatikana, mtu mpole mwenye miwani, na baada ya kumsikiliza Kinanda mgongoni kwa muda mrefu alimgeukia mama.

"Dawa nitampa. Lakini dawa ya kwanza ni chumba. Asilale kwenye unyevu. Mvua kubwa zikimkuta kwenye unyevu, mama, mimi sitaki kukwambia uongo."

Mvua kubwa zilikuwa zimebakiza wiki sita.

Mume wa dada mtu aliingia sebuleni jioni moja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni nyumbani kwake.

"Shemeji, sisi hatuwafukuzi," alimwambia Fundi. "Nani anafukuza ndugu? Ila hili sofa nimelichukua kwa mkopo. Na mtoto anapumua usiku kucha, wenzake hawalali."

Anapumua. Fundi aliinamisha kichwa akasema ahsante shemeji, tumekuelewa, na moyoni alitamani ardhi ipasuke.

Basi Mama Kinanda akaanza kuzunguka, mtoto mkononi, maana hapakuwa na wa kumwachia. Chumba cha kwanza kilikuwa kizuri, lakini Kinanda alikohoa mara mbili mlangoni, na mwenye nyumba akakumbuka ghafla kwamba kilishachukuliwa jana. Cha pili hakikuwa na dirisha. "Ukitaka hewa unafungua mlango," aliambiwa. Cha tatu walitaka karatasi ya mshahara na barua ya mwajiri, na wadhamini wawili wenye karatasi zao. Cha nne kilikuwa kikavu, kina jua la asubuhi, na mama mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kutabasamu, mpaka alipouliza kazi ya mume.

"Fundi rangi? Hapana, mwanangu. Mafundi wanakuja na makopo, wanaitia nyumba harufu."

Alirudi akasimulia hayo huku akicheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka kulia. Fundi akamchukua mpaka kwenye ukuta wa sebule.

"Usisikilize mdomo wa dalali," alimwambia. "Soma ukuta. Weka kiganja huku chini kabisa, uhesabu mpaka ishirini. Ukiwa na unyevu utausikia. Nusa kona. Fungua mlango uangalie nyuma yake, mafundi wavivu huacha pale. Na mwambie afungue kifuniko cha swichi. Chini ya kifuniko rangi ya zamani haifichiki."

Mama Kinanda akaweka kiganja, akahesabu. Kinanda naye akaweka chake, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na saba, akapotea.

"Na bondeni usitie mguu," aliongeza Fundi. "Kule chini ya daraja. Hata wakikupa bure."

"Sitii," alisema mkewe. "Mimi kichaa?"

Wiki hiyo Fundi akapata kazi ya kupaka nyumba ya wageni upande wa pili wa mji, wiki mbili, kulala hukohuko. Ukitoka kabla ya kazi kuisha, hakuna malipo. Akaenda.

*

Simu ilimkuta juu ya ngazi, rola mkononi.

"Baba Kinanda, nimepata."

"Wapi?"

"Nyuma ya shule. Unapita geti la shule, unafuata ukuta wa uwanja wa mpira, unateremka kidogo."

"Unateremka?"

"Kidogo tu. Mji wote huu ni miteremko."

Fundi alishuka ngazi mbili, akakaa. Nyuma ya shule hakupajua. Shule aliijua, ipo juu kule kwenye lami, karibu na maduka.

"Kiganja umeweka?"

"Nimeweka kuta zote. Mkavu kama sahani."

"Nyuma ya mlango?"

"Pamepakwa mpaka kwenye bawaba. Swichi nayo nimemwomba dalali afungue, akanicheka, lakini akafungua. Safi mpaka ndani. Baba Kinanda, aliyepaka pale anajua kazi."

Fundi alisikia kawivu kadogo, halafu akafurahi kwamba mjini bado kuna fundi wa namna hiyo.

"Na mtoto? Hawajasema kitu?"

"Amekohoa. Dalali kampa peremende." Sauti ya mkewe ikashuka. "Wanataka miezi sita mbele na ya dalali juu. Hela zitaisha zote. Ila kuna watu wawili nyuma yangu wanakisubiri, nawaona hapa."

Hizo zote zilikuwa hela za miezi minne ya makopo, na za cherehani ya mkewe iliyouzwa kule nyumbani walikotoka. Jina la dalali hakuuliza. Madalali mjini ni wengi, na wote wana maneno yaleyale. Alichokiona kichwani ni chumba kilichopakwa na mtu mwenye adabu ya kazi.

"Chukua," alisema.

Mama Kinanda akasaini. Kwenye karatasi kulikuwa na mstari mmoja ambao Funguo aliuwekea kidole, akamsomea mwenyewe kwa sauti ya upole: mpangaji amekikagua chumba na ameridhika nacho kama kilivyo. Alikuwa amekikagua kuliko mpangaji yeyote ambaye Funguo aliwahi kumwona, kwa hiyo hakuona ubaya wa kuusaini.

*

Kinanda alimsubiri baba yake kwenye geti la shule, na sweta lake jekundu, akirukaruka. Alimshika mkono akawa anamvuta.

"Baba, tuna dirisha. Baba, tuna bomba uani. Kuna bibi anapiga pasi, anaitwa Mama Pasi."

Walifuata ukuta wa uwanja wa mpira. Ukuta ulipoisha njia ikateremka, ikaendelea kuteremka. Kwanza Fundi alisikia harufu. Kisha akaona nguzo za zege upande wa kushoto, na juu yake magari yanapita; mgeni wa mji angedhani ni barabara tu. Daraja alilijua, lakini hakuwahi kuliona kutoka upande huu, na ilimchukua muda, kama mtu uliyezoea uso wake ukamwona kisogo. Hatua zake zikapungua zenyewe.

"Baba, njoo bwana," alisema Kinanda.

Nyumba ilikuwa na mlango wa mbele wa bluu. Wakapita korido. Mama Kinanda alikuwa amesimama katikati ya chumba, ametandika kitanda, ametundika pazia la kitenge, amevaa gauni lake la kutokea. Alikuwa na furaha, akafungua mikono.

Fundi aliangalia ukuta. Nyeupe ya maziwa. Alizunguka mlango, akaangalia bawaba. Halafu, polepole, akanyoosha mkono juu ya fremu akapapasa. Dole gumba lake likaingia mahali pake.

"Vipi?" aliuliza mkewe. "Si kazi nzuri?"

"Nzuri," alisema.

Alitaka kunyamaza. Tuseme ukweli, alitaka kunyamaza siku hiyo na ya pili yake, mpaka apate njia. Lakini Mama Pasi alitokea kwenye korido na pasi yake ya mkaa, mwanamke mnene, anayeongea kuliko anavyopumua, akamwona.

"Aa, fundi wetu. Umerudi? Mbona mapema safari hii, maji hata hayajaingia."

Mama Pasi akatazama uso mmoja, akatazama wa pili, akaangalia kitanda na pazia la kitenge.

"Mungu wangu," alisema taratibu, "kumbe ni kwako," akarudi kwenye nguo zake.

Mama Kinanda alikaa kitandani. Kwa muda mrefu alikuwa akikitazama kiganja chake cha kulia.

"Maji yanafika wapi?" aliuliza.

Fundi akaonyesha kiunoni.

"Ulinifundisha kusoma ukuta," alisema mkewe. Hakupaza sauti, na Fundi alitamani apaze. "Nikausoma. Nilisoma uliyoyaandika wewe. Wangapi wengine umewaandikia, Baba Kinanda?"

Hakujua. Hakuwahi kuwahesabu, maana alikuwa akiondoka kabla hawajafika.

*

Funguo alikuwa na meza yake nje ya duka la dawa, karibu na geti la shule. Alimkaribisha Fundi kiti, akamwagizia soda. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Pole sana," alisema. "Kweli nakwambia, ningejua ni mkeo ningempeleka kwingine. Angesema jina lako. Mwanamke anakuja, anahesabu ukutani kama anasali, mimi nitajuaje?"

"Nirudishie, bosi. Hata nusu."

"Hela iko kwa mwenye nyumba."

"Basi nipeleke kwa mwenye nyumba."

Funguo alitabasamu. "Mwenye nyumba yuko ofisi ya mitaro. Ule mtaro umepitishiwa pesa ya kupanuliwa mara tatu. Wewe unataka kwenda kumwambia nini? Kwamba nyumba yake inaingia maji? Yeye hajui?" Akamsogezea soda. "Halafu atakuuliza, nani kaficha. Utamwambia nani?"

Fundi alitazama ile soda. Hakuinywa, lakini hakuirudisha pia, na hilo lilimuuma baadaye kuliko yale maneno.

"Mtoto wangu atakufa mle," alisema.

"Usiseme hivyo. Weka kitanda juu ya matofali. Wenzako wote wanaweka."

Akaweka. Aliokota matofali manane nyuma ya uwanja wa mpira, mawili kwa kila mguu wa kitanda, na Kinanda akamshikia moja moja akihesabu. Kazi ilipoisha akapanda kitandani, akasema sasa analala ghorofani.

Mvua zilikuja siku tisa kabla ya wakati wake. Zilianza saa saba mchana, Kinanda akiwa shuleni, na kufikia saa tisa mtaro ulikuwa umejaa na takataka za mji mzima zinapita zikizunguka. Maji hayakuingia mlangoni kama ambavyo Mama Kinanda alitegemea, na ndoo na matambara yake mlangoni hayakusaidia kitu. Yalitokea sakafuni, kwenye kona, kimya kimya. Halafu yakaja na ya mlangoni. Kinanda aliporudi na begi kichwani alikuta mama yake amesimama kitandani na magodoro yamekunjwa, na matofali mawili yameshapotea chini ya maji. Akacheka. Alidhani ni mchezo. Walikaa juu ya meza ya Mama Pasi mpaka jioni, wanawake wawili na mtoto, kifua kikipiga muziki wake, kwanza taratibu.

Usiku huo Kinanda alilazwa, na siku ya tatu walimtoa hospitali. Yule daktari mwenye miwani hakusema kitu kuhusu chumba. Alimwangalia Fundi tu, na Fundi akaangalia viatu vyake.

Maji yalikuwa yamekwenda, na mstari ulikuwa umerudi mahali pake, chai ya maziwa, umepenya rangi ya mafuta kana kwamba haikuwepo. Kinanda alisimama mbele yake na kipulizio cha dawa ya kifua alichopewa hospitali mkononi.

"Mimi umenifika hapa," alisema, akagusa shingo.

*

Mama Kinanda alipika, akafua, akamsugua mtoto mgongo, na kwa mumewe alisema yale ya lazima tu: chumvi imekwisha, dawa ni saa mbili. Fundi aliona bora angemtukana. Alizunguka vyumba vya juu kwa mkono mtupu, akaombwa karatasi zilezile. Miezi mitano ya kodi yao ilikuwa imebaki mle ndani, kwenye ukuta uliolowa, na hakuna aliyekuwa tayari kuinunua.

Jumanne asubuhi wakasikia funguo zinakuja.

"Nimewaletea neno zuri," alisema Funguo, akiwa hajavuka kizingiti, maana sakafu bado ilikuwa na tope. "Kuna chumba juu ya duka la dawa. Ghorofani. Kikavu, jua la asubuhi na la jioni. Nitasema mimi ndiye mdhamini, karatasi hawatauliza. Miezi yenu mitano naihamishia kule."

Mama Kinanda alisimama.

"Ila hiki kisibaki kitupu," aliendelea Funguo. "Mwenye nyumba hataki. Akipatikana wa kuingia hapa, mnapanda kule. Alhamisi nina mteja. Fundi, rangi nimeleta, iko uani."

"Na mteja akiuliza?" alisema Fundi.

"Watauliza, bwana. Kila mtu anauliza." Alimtazama Mama Kinanda, si Fundi. "Wanapenda kumuuliza mpangaji."

Alipoondoka, Fundi alikaa kwenye kopo la rangi muda mrefu. Alingoja mkewe aseme hapana. Angesema hapana, angeshika mkono wake na wa mtoto, wangeondoka hata kwa kulala barazani kwa shemeji. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Mama Kinanda alichukua msasa dirishani, akampa.

"Anza kwenye kona," alisema. "Kona ndiyo inatoa chumvi zaidi."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyomwambia kwa wiki mbili.

Alipaka Jumanne, akapaka Jumatano. Hakuacha nyuma ya mlango. Alijiambia mara hii ataacha, sehemu ndogo tu, kiganja kimoja, ili mwenye macho aone, lakini mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Alhamisi asubuhi alikuwa akimalizia chini ya dirisha wateja walipofika.

Walikuwa wawili, mshona nguo aliyehamia mjini mwezi uliopita, na mama yake mzazi, mwembamba, mwenye fimbo, miguu imevimba. Mshonaji alikuwa na haraka. Alikuwa ameacha cherehani kwa watu. Alitazama dirisha, akauliza umeme, akauliza maji ya bomba. Mama yake ndiye aliyebaki akiangalia chini, kule ambako ukuta unakutana na sakafu.

"Shikamoo mama," alisema Fundi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, hapa maji yanaingia?"

Fundi alikuwa na brashi mkononi. Alifungua mdomo. Labda angesema. Tangu siku hiyo amejiapiza mara nyingi kwamba alikuwa anakwenda kusema.

"Hapana, mama," alisema Mama Kinanda kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya jirani. "Mimi nakaa hapa. Pakavu."

"Mbona mnahama?"

"Tumepata karibu na hospitali. Mtoto ana kifua."

Bibi alimwangalia Kinanda, aliyekuwa amekaa juu ya begi la nguo kwenye korido. Uso wake ukalainika. "Pole, mjukuu wangu. Hata mimi miguu yangu na unyevu haviongei." Akamgeukia binti yake, akatikisa kichwa, ndiyo. Mshonaji akafungua pochi. Funguo akaweka karatasi juu ya kopo la rangi, akaonyesha mstari kwa kidole, akausoma kwa upole. Zile noti zikahama mkono, zikaingia mfukoni mwake.

"Na kile cha juu, bosi?" alisema Fundi kwa sauti ya chini. "Tupande leo?"

"Cha juu tutaongea Jumatatu."

"Ulisema..."

"Jumatatu, fundi. Leo kuna watu."

Bibi, ili kushusha miguu yake kwenye kizingiti, aliegemea ukuta. Alipoondoa mkono, kiganja kizima kilikuwa cheupe. Akakitazama, akacheka kidogo, kwa aibu. Kinanda alikuwa ameshasimama. Alichukua kitambaa cha baba yake, akakichovya kwenye ndoo, akaja akamshika bibi mkono kwa adabu, akaanza kumfuta kidole kimoja kimoja, kifua chake kikilia.

"Bibi," alisema, "kitanda chako uweke matofali manne. Sisi tuliweka mawili."

Bibi aliendelea kutabasamu. Alitazama mtoto, akatazama kitanda chao kilichofunguliwa na kuegemezwa koridoni, miguu yake myeusi kwa tope. Akamtazama Mama Kinanda, ambaye alikuwa anafunga begi lililokwisha kufungwa.

"Matofali ya nini, mjukuu wangu?" aliuliza.

Funguo alikuwa ameshatokea uani, funguo zake zikisikika zinapanda ngazi za daraja. Fundi aligeukia ukuta, akapaka upya pale palipobaki alama ya kiganja.